Sura ya Sita: Pointi ya Mwisho

Wanaosimulia safari ya Geno Petriashvili huisimulia kama mtu apandaye ngazi. Wanaanza na Rio de Janeiro mwaka 2016, ambako kijana huyu wa Georgia, akiwa na umri wa miaka 22, alitwaa medali ya shaba katika mieleka ya mtindo huru, uzito wa kilo 125. Wanapanda hadi Tokyo, kwenye Olimpiki ya 2020 iliyofanyika 2021, wanamkuta na fedha. Kisha wanafika Paris, Agosti 2024, na hapo ana dhahabu shingoni. Shaba, fedha, dhahabu: msikilizaji anaondoka akiamini kwamba mtu huyu alikuwa akiongezeka ubora mwaka hadi mwaka mpaka akaiva akiwa na miaka 30. Ni hadithi tamu, na kila medali iliyomo ni ya kweli, lakini inapotosha. Kati ya shaba ya Rio na fedha ya Tokyo, Petriashvili alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019. Apandaye ngazi hawezi kuwa amekwisha kufika juu mara tatu kabla hajafika katikati. Ukitaka kumwelewa, huna budi kuziweka kando kwa muda rangi za medali za Olimpiki, mashindano yanayokuja mara moja tu katika miaka minne, uulize mambo mengine: alifika fainali mara ngapi, nani walisimama upande wa pili, na sheria za mchezo wenyewe zinaruhusu nini kitokee pale. Ninachodai katika sura hii ni kwamba Petriashvili wa 2017, wa 2021 na wa 2024 ni mwanamieleka yuleyule mwenye kiwango kilekile, na kwamba pengo tunaloliona kati ya ushindi wake na kushindwa kwake limetokana kwa sehemu kubwa na namna mieleka ya leo inavyohesabu pointi.

Basi tuanze na hesabu hiyo, maana bila kuijua yote yatakayofuata yatakuwa sifa tupu. Februari 2013, Bodi ya Utendaji ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipendekeza mieleka iondolewe kwenye orodha ya michezo ya Olimpiki kuanzia 2020. Kwa mchezo uliokuwemo Athens mwaka 1896, Olimpiki ya kisasa ilipoanza, hilo lilikuwa pigo lisilotarajiwa. Shirikisho la mieleka la kimataifa lilibadilisha uongozi wake miezi michache baadaye, likamchagua Nenad Lalović wa Serbia kuwa rais, na likaandika upya sheria. Sheria za zamani ziligawa pambano katika vipindi vitatu vya dakika mbili mbili, na kila kipindi kilikuwa na mshindi wake. Aliyeshinda viwili ndiye aliyeshinda pambano. Unaweza kuona kasoro yake: mtu aliweza kuzoa pointi nyingi katika kipindi kimoja, akapoteza viwili vilivyobaki kwa pointi moja moja, akaondoka ameshindwa. Watazamaji hawakuelewa, na wanamieleka wengi walijifunza kulinda pointi moja kwa kujikunyata. Sheria mpya zilileta vipindi viwili vya dakika tatu, na pointi zote zikawa zinajumlishwa tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Septemba mwaka huohuo, mjini Buenos Aires, mieleka ikarudishwa Olimpiki. Petriashvili, aliyezaliwa Aprili 1994, alikuwa na miaka 19 wakati huo. Karibu maisha yake yote ya kupambana na watu wazima yamepita chini ya sheria hizi mpya, na ndiyo maana naona hawezi kueleweka nje yake.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Kumwangusha mpinzani na kumdhibiti chini kunatoa pointi 2. Kumsukuma nje ya duara kunatoa 1. Mtupo unaomtoa mpinzani wima na kumbwaga moja kwa moja mgongo ukielekea chini unatoa 4, na ule mkubwa wa kumwinua juu kabisa unatoa 5. Lakini jambo lenye uzito zaidi kwa mada yetu ni la chini mkekani. Ukishamwangusha mtu, unaweza kumkumbatia kiunoni au kumfunga miguu, ukambiringisha mpaka mgongo wake uelekee mkeka, na kila ukimgeuza unapata pointi 2 nyingine bila kulazimika kusimama tena. Atakayefanikiwa kuangusha mara moja na kugeuza mara mbili atakuwa amevuna pointi 6 katika muda usiozidi pumzi chache. Anayempita mwenzake kwa pointi 10 anatangazwa mshindi papo hapo, hata kama saa ina dakika nyingi. Mieleka haina sare: pointi zikilingana, huangaliwa nani alipata mbinu yenye thamani kubwa zaidi, kisha nani alionywa mara chache, kisha nani alifunga pointi ya mwisho. Juu ya hayo, kocha anaweza kupinga uamuzi na kudai picha zitazamwe upya, na akikutwa amekosea, mpinzani wake anaongezewa pointi 1. Ni mfumo uliotungwa kwa makusudi ili pambano lisiwe limekwisha mpaka liishe kweli. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Hapa kauli hiyo ni kanuni ya mchezo.

Kabla ya kuipeleka kanuni hiyo kwenye mapambano yenyewe, kuna maelezo mengine kumhusu Petriashvili yanayostahili kujibiwa, kwa kuwa ndiyo yanayotolewa haraka zaidi: kwamba yeye ni tunda la Georgia, na Georgia ni nchi ya mieleka. Hilo ni kweli kabisa. Nchi hiyo ya milima ya Kaukazi, yenye watu wasiofika milioni 4, ina mieleka yake ya jadi iitwayo chidaoba, inayochezwa kwa joho fupi lenye mkanda huku ngoma na zumari zikipigwa, na mwaka 2018 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Umoja wa Kisovieti uliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Helsinki 1952, Wageorgia wawili, Davit Tsimakuridze na Arsen Mekokishvili, walirudi na dhahabu za mtindo huru. Levan Tediashvili alitwaa dhahabu mbili, Munich 1972 na Montreal 1976, pamoja na mataji manne ya dunia. Davit Gobejishvili alishinda uzito wa juu kabisa Seoul 1988. Nchi ilipopata uhuru wake na kuanza kushiriki Olimpiki ya kiangazi kwa bendera yake, Atlanta 1996, moja ya medali zake mbili za kwanza ilikuwa ya Eldar Kurtanidze, mwanamieleka wa mtindo huru. Revaz Mindorashvili alileta dhahabu Beijing 2008, katika mwezi uleule ambao nchi yake ilikuwa vitani na Urusi, na Vladimer Khinchegashvili akaleta nyingine Rio 2016.

Ukoo wa namna hiyo unaeleza kwa nini Georgia haikosi wanamieleka. Hauelezi kwa nini huyu, wala kwa nini alishinda siku fulani na kushindwa siku nyingine. Chidaoba ni mieleka ya kusimama, ya kumtupa mtu kwa kushika nguo na mkanda. Kugeuzana chini, ambako kumempa Petriashvili baadhi ya pointi zake kubwa, ni elimu ya mkeka wa kisasa. Zaidi ya hayo, wingi wa vipaji ni mzigo kwa mchezaji mmoja mmoja, kwa sababu kila nchi inaruhusiwa mtu mmoja tu katika kila uzito. Giorgi Meshvildishvili alizaliwa na kukulia mieleka Georgia katika uzito huohuo wa kilo 125, kisha akahamia timu ya Azerbaijan, na Paris 2024 akatwaa medali ya shaba. Maana yake ni kwamba kati ya watu wanne waliopanda jukwaani siku ile, wawili walitoka nchi moja. Mtu aliyeshikilia nafasi pekee ya nchi hiyo katika Olimpiki tatu, kwa muda wa miaka minane, alikuwa akithibitisha ubora wake nyumbani kabla hajapanda ndege.

Sasa tuingie kwenye mapambano. Agosti 2017, mjini Paris, Petriashvili alifika fainali ya Mashindano ya Dunia kukutana na Taha Akgül wa Uturuki. Wakati huo Akgül ndiye aliyekuwa kipimo cha uzito huu: bingwa wa dunia 2014 na 2015, bingwa wa Olimpiki Rio. Mgeorgia alishinda 10 kwa 8. Mwaka uliofuata, Budapest, alimshinda Deng Zhiwei wa China katika fainali. Septemba 2019, mjini Nur-Sultan, Kazakhstan, akakutana na Akgül tena kwenye fainali, na safari hii walimaliza wakiwa 6 kwa 6. Taji lilikwenda kwa Petriashvili kwa vigezo vya kutenganisha waliolingana. Angalia ubingwa huu wa mara tatu ulivyo mwembamba ukiupima kwa pointi: fainali mbili dhidi ya mpinzani wake mkubwa zimetenganishwa na pointi 2 kwa jumla. Sheria zingekuwa tofauti kidogo, au mpangilio wa vigezo ungekuwa mwingine, huenda leo tungekuwa tunasoma habari za Akgül aliyeshinda dunia mara nne au tano na Mgeorgia mmoja aliyekuwa akimsumbua. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba Petriashvili alibahatisha, na walikuwa sahihi kutosema. Lakini miaka miwili baadaye, namba za aina ileile zilipomgeukia, lugha ilibadilika.

Fainali ya Tokyo, tarehe 6 Agosti 2021, inafaa kutazamwa polepole. Gable Steveson wa Marekani alikuwa na miaka 21 na alikuwa amefika pale bila kuruhusu pointi hata moja. Robo fainali alikuwa amemlaza Akgül 8 kwa 0. Petriashvili alikuwa amepita nusu fainali kwa kumshinda 6 kwa 3 Amir Hossein Zare wa Iran, jina tutakalolirudia. Steveson alitangulia na kuongoza sehemu kubwa ya pambano. Kisha, katika kipindi cha pili, Petriashvili alifanya kile ambacho sheria za 2013 zinakilipa kuliko kingine chochote: alimwangusha Mmarekani, akamkumbatia, akamgeuza. Ubao ukasomeka 8 kwa 5 kwa faida ya Georgia, na saa ilikuwa inakwenda kwenye sekunde kumi za mwisho. Mtu aliye na uongozi wa namna hiyo angeonekana ameshashinda. Hapa, Steveson alimzunguka na kumwangusha, ikawa 8 kwa 7, na zikabaki sekunde chache. Wakasimamishwa. Steveson akaingia tena, Petriashvili akazuia kwa uzito wake wote, Steveson akazunguka nyuma yake kabla sekunde ya mwisho haijaisha. Ikawa 9 kwa 8. Benchi la Georgia likapinga, picha zikatazamwa, upingaji ukakataliwa, na pointi ya adhabu ikaifanya 10 kwa 8. Steveson akapiga sarakasi ya nyuma katikati ya mkeka, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima.

Tangu siku hiyo, kwa watazamaji wengi nje ya Kaukazi, Petriashvili akawa mtu aliyeachia dhahabu ikiwa mkononi. Maelezo ya kushindwa kwake yakageuka kuwa maelezo ya tabia: alichoka, aliogopa, alianza kulinda uongozi badala ya kupigana, hakuwa na moyo wa kumaliza. Sikubaliani na usomaji huu, na sababu yangu iko kwenye namba. Fainali ya 2017 ilikuwa 10 kwa 8. Fainali ya Tokyo ilikuwa 8 kwa 10. Ni namba zilezile, zimegeuzwa tu upande. Kama pointi 2 zilikuwa ushahidi wa moyo mkuu Paris mwaka 2017, haziwezi kuwa ushahidi wa moyo mdogo Tokyo. Na anayesema alichoka anapaswa pia kueleza ilikuwaje mtu aliyechoka akamgeuza Steveson, ambaye hakuna mwingine aliyemfunga pointi yoyote katika mashindano yale, zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili. Walichokifanya wote wawili katika kipindi kile cha pili ni kitu kimoja: kutumia mlango ambao sheria zimeuacha wazi hadi mwisho. Mmoja aliupita kwanza, mwingine akaupita baadaye, na saa ikaishia kwa yule wa pili.

Chukua fainali nne za Petriashvili zilizokaribiana zaidi: 10 kwa 8 dhidi ya Akgül, 6 kwa 6 dhidi ya Akgül, 8 kwa 10 dhidi ya Steveson, na 10 kwa 9 dhidi ya Zare katika Olimpiki ya 2024. Ukijumlisha, yeye ana pointi 34 na wapinzani wake wana 33. Katika mapambano manne, yaliyochezwa ndani ya miaka saba, dhidi ya watu watatu ambao wote wametwaa dhahabu ama ya dunia ama ya Olimpiki, tofauti ni pointi 1. Hesabu hiyo haimpunguzii heshima. Inaonyesha tu tunazungumzia tabaka gani la ushindani. Hapo juu kabisa, walio sawa wanakutana, na kwa kuwa lazima mmoja ashinde, matokeo yanatoka kwa kipande cha sekunde au kwa mpangilio wa vigezo. Aliyeshinda tatu kati ya nne anaweza kudai kwa haki kwamba alikuwa na kitu cha ziada. Hawezi kudai, wala hatuwezi kumdai, kwamba pengo lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Najua pingamizi litakalofuata, na ni zito. Mwanamichezo hapimwi kwa jumla ya pointi, mtu atasema. Anapimwa kwa kushinda pambano lililo mbele yake. Mchezo wote umejengwa juu ya makubaliano kwamba kengele ikilia, aliye mbele ndiye mshindi, na anayetaka kuhesabu vingine anataka kuufuta ushindani wenyewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo bila kusita. Dhahabu ya Tokyo ni ya Steveson, aliipata kwa halali, na kile alichokifanya katika sekunde kumi ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kuonekana kwenye mkeka wa uzito wa juu. Lakini kuna maswali mawili hapa, na tusiyachanganye. Nani alishinda pambano? Hilo kengele inajibu, na jibu lake ni la mwisho. Pambano linatuambia nini juu ya uwezo wa watu wawili? Hilo kengele haiwezi kulijibu peke yake, hasa katika mchezo ambao sheria zake zimetungwa ili uongozi uweze kupinduliwa hadi pumzi ya mwisho. Swali la pili linajibiwa kwa kurudia: mlete mtu huyohuyo kwenye hatua hiyohiyo mara nyingi, uone anafikaje. Petriashvili alicheza fainali sita za dunia na Olimpiki kati ya 2017 na 2024. Alishinda nne.

Hapo msomaji makini atanikumbusha kuwa nimetaja tano tu kwa alama ama kwa mpinzani, na ya sita nimeiruka. Ni ya Mashindano ya Dunia ya 2023, Belgrade, na ndiyo inayoisumbua hoja yangu kuliko nyingine zote. Zare, yuleyule aliyeshindwa nusu fainali ya Tokyo, alimshinda Petriashvili 11 kwa 0. Mtu hawezi kusema hapo kwamba tofauti ilikuwa ya kipande cha sekunde. Ukiiongeza kwenye jumla yangu, 34 kwa 33 inakuwa 34 kwa 44, na ulinganifu unavunjika. Sitaki kuificha wala kuipunguza: siku ile Mwirani alikuwa bora kwa kila kitu. Alikuwa na miaka 22, Mgeorgia 29, na ilikuwa rahisi kuona pale mwanzo wa zamu mpya. Zare alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia 2021, akacheza fainali 2022, akatwaa tena 2023. Kwa mtindo huo, Paris ilipaswa kuwa ya kwake bila mjadala.

Hata hivyo tazama jinsi matokeo kama 11 kwa 0 yanavyozaliwa. Kanuni ya pointi 10 inafunga pambano mara tu pengo linapofika, na mbinu za kugeuza zinaruhusu pengo hilo lijengwe kwa mfululizo mmoja au miwili iliyofanikiwa. Ni mlango uleule uliompa Petriashvili uongozi dhidi ya Steveson. Aliyeteleza mara mbili hana muda wa kurudi, kwa hiyo matokeo makubwa hayamaanishi kila mara pengo kubwa. Yanamaanisha kwamba pambano lilikatwa mapema. Ningesita kusimama juu ya maelezo haya peke yake, maana yananukia utetezi, kama kusingekuwa na ushahidi wa baadaye. Ushahidi upo. Miezi kumi na moja baada ya Belgrade, watu walewale wawili walikutana Paris. Kama 11 kwa 0 ilikuwa kipimo cha kweli cha umbali uliokuwa kati yao, na kama umri ulikuwa unamvuta Petriashvili chini huku ukimwinua Zare, basi mwaka mmoja ulipaswa kuuongeza umbali huo. Badala yake Petriashvili, akiwa na miaka 30, alishinda 10 kwa 9. Mtu mzima hajifunzi mieleka upya kati ya Septemba na Agosti. Kinachoelezeka zaidi ni kwamba wawili hawa walikuwa karibu muda wote, kama 6 kwa 3 ya Tokyo ilivyokuwa imeonyesha, na kwamba Belgrade ilikuwa siku mbaya iliyokuzwa na kanuni.

Pingamizi lililobaki halihitaji nafasi kubwa. Inasemwa kwamba uwanja wa Paris ulikuwa na mapengo: Steveson hakuwepo, nafasi ya Marekani ilichukuliwa na Mason Parris, na shirikisho la mieleka la Urusi lilikataa kupeleka wanamieleka wake wachache walioruhusiwa kushiriki bila bendera. Ni kweli, na kwa baadhi ya uzito kutokuwepo kwa Urusi kulibadilisha kila kitu. Katika kilo 125, hata hivyo, bingwa wa dunia aliyekuwa akitawala alikuwepo, na ndiye aliyeshindwa fainali. Akgül, bingwa wa zamani wa Olimpiki, alikuwepo, na akatwaa shaba. Anayetaka kumuona Petriashvili kwenye uwanja uliojaa kila mtu anaweza kurudi 2017, 2018 na 2019, ambako Urusi na Marekani walileta watu wao na yeye akaondoka na taji mara zote tatu. Mwenye kutilia shaka dhahabu ya 2024 kwa sababu ya waliokosekana analazimika kuyapa uzito zaidi mataji ya miaka hiyo mitatu, na akifanya hivyo atakuwa amenisaidia, maana ndiyo miaka ambayo hadithi ya ngazi inairuka.

Georgia yenyewe iliipokea dhahabu ile kama haki iliyocheleweshwa. Tarehe 10 Agosti 2024, siku hiyohiyo, Lasha Talakhadze alikuwa ametwaa dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki katika kunyanyua vyuma, na pamoja na ile ya Lasha Bekauri katika judo nchi ikawa na dhahabu tatu. Petriashvili alikuwa Mgeorgia wa tatu kushinda Olimpiki katika mtindo huru chini ya bendera ya nchi yake huru, na wa kwanza katika uzito wa juu kabisa. Mekokishvili na Gobejishvili walikuwa wameshinda uzito huo wakivaa sare za Kisovieti. Furaha hiyo ninaielewa na ninaiheshimu. Ninachokataa ni pale inapogeuka kuwa hukumu ya nyuma, kwamba kabla ya usiku ule kazi yake ilikuwa na upungufu. Angeshindwa 9 kwa 10, bado ningemweka palepale.

Na pale ni wapi? Njia ya haki zaidi ya kujibu ni kumweka kando ya Akgül, kwa kuwa waliishi katika uzito mmoja, chini ya sheria zilezile, katika miaka ileile. Kwa muda mrefu Mturuki huyu alihesabiwa kuwa mkubwa wa kizazi, na hoja ilikuwa dhahabu ya Rio, ambayo mwenzake hakuwa nayo. Baada ya Paris orodha zao zinasomeka karibu kwa mpigo mmoja. Akgül ana dhahabu moja ya Olimpiki na shaba mbili, Tokyo na Paris, pamoja na mataji matatu ya dunia, 2014, 2015 na 2022. Petriashvili ana dhahabu moja ya Olimpiki, fedha moja na shaba moja, pamoja na mataji matatu ya dunia. Mataji ya Ulaya ya Akgül ni mengi zaidi, na miaka minane kati ya taji lake la kwanza la dunia na la mwisho ni jambo la kustaajabisha kwa mwili wa kilo 125. Anayemweka mbele kwa sababu hizo hajakosea njia. Mimi namweka Petriashvili mbele kwa unywele mmoja, kwa sababu fedha inaizidi shaba, na kwa sababu mara mbili walipokutana katika fainali ya dunia, Mgeorgia aliondoka na taji mara zote mbili. Pointi za mapambano hayo mawili ni 16 kwa 14.